Kabla ya tenki la lita elfu kumi, angalieni paa la banda la kuku

Mhariri,

Kila mwaka Machi ikikaribia magazeti yetu yanaanza ile stori ya kuvuna maji ya mvua, na picha huwa ni ile ile, nyumba kubwa ya mawe, tenki jeusi la lita elfu kumi, mwenyewe amesimama kando anatabasamu. Sina ubaya na huyo mtu. Lakini msomaji wa kawaida akiona hilo tenki anafungua ukurasa wa michezo, manake pesa ya tenki kama hilo ndiyo karo ya mtoto. Hakuna anayemwambia kwamba kama ana banda la kuku ama kastoo ka mabati huko nyuma, hapo hapo karibu na sukuma wiki, tayari ana paa la kuanzia na pengine hata tenki hahitaji, pipa moja latosha.

Hesabu yenyewe ni rahisi hadi mtu anashangaa mbona hatukuifanya zamani. Milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Banda la mita 2 kwa 3 ni mita 6 za mraba, na hapo pimeni chini, ile sehemu ya ardhi ambayo paa limefunika, msipande juu kupima mabati kwa mteremko. Ikinyesha milimita 20, ile mvua ya jioni ya Aprili ambayo inakupata kwa stage bila mwavuli, hapo ni lita 120. Toa ile inayoruka nje ya gata na ile inayokauka juu ya mabati, bado una kama mitungi mitano ya lita 20. Nairobi kwa mwaka tunapata milimita 900 hivi, watu wa Dagoretti na Karen wanapata zaidi yetu sisi wa huku mashariki, kwa hivyo hako kabanda kadogo peke yake kanaweza kukupatia zaidi ya lita elfu nne kwa mwaka. Kwa sasa yote yanaangukia ukuta wa banda, yanachimba kashimo, kuku wanakunywa matope.

Lakini niseme ukweli pia, manake hapa ndipo wauzaji wa matenki hunyamaza. Hizo lita elfu nne haziji siku moja. Zinakuja masika, Machi hadi Mei, halafu vuli, Oktoba hadi Disemba, na pipa la lita 210 likishajaa limejaa, ingine yote inamwagika. Kitalu cha mita 1 kwa 4 wakati wa jua kinataka karibu mtungi mmoja kwa siku, kwa hivyo pipa lako ni la siku kumi hivi. Haliwezi kukuvusha Januari na Februari, asikudanganye mtu. Kile linafanya ni kuziba yale mapengo, ile wiki moja katikati ya Aprili ama Novemba mvua inapokatika ghafla, miche ya spinachi ndiyo mmetoka tu kuipandikiza, na mfereji nao umekauka kwa sababu si siku ya mtaa wenu kwa ratiba ya mgao. Julai ni baridi na manyunyu, maji yanayoingia kwa pipa ni kidogo lakini pia udongo haukauki haraka. Ukitaka kupita hapo ongeza pipa la pili, uyaunganishe na kabomba huko chini karibu na kitako, yatajaa pamoja.

Sisi wa huku Ruai tuna sababu ingine. Maji ya kisima tunayouziwa yana chumvi. Ukimwagilia nayo kiangazi chote unaona kabisa ule unga mweupe umekaa juu ya udongo na majani ya maharagwe yanaungua pembeni. Maji ya mvua hayana hiyo chumvi, na yakinywea vizuri yanaisukuma ile ya zamani iende chini mbali na mizizi. Kwa nini tulipie kitu kinachoharibu shamba na kile kizuri kinamwagika bure kutoka kwa paa, mimi sielewi.

Sasa vifaa. Gata si lazima ununue ile ya duka, bomba la PVC la inchi nne likipasuliwa katikati kwa urefu linakupa gata mbili, ama mafundi wa Kamukunji watakukunjia ya mabati kwa kipimo chako. Mabanda mengi paa lake linateremka upande mmoja tu, kwa hivyo ni gata moja, upande wa chini. Ipe mteremko kidogo kuelekea kwa pipa, sentimita moja kwa kila mita mbili tatu, ikilala sawa maji yanasimama na majani yanaoza humo. Pipa weka juu ya mawe ya kujengea, juu ya msingi uliosawazishwa vizuri, manake likijaa lina zaidi ya kilo mia mbili, likiangukia mtoto ni msiba. Koki ifungwe sentimita kama kumi juu ya kitako, tope libaki chini, na iwe juu kiasi kwamba keni ya kumwagilia inaingia chini yake bila kuinamishwa. Usitarajie presha ya kuzungusha sprinkla, hiyo hakuna, lakini keni itajaa na mpira wa kulala chini utatiririka polepole, na sukuma wiki haitaki zaidi ya hapo.

Mapipa yale ya bluu ya kununua yakiwa yametumika, uliza yalibeba nini. Ya juisi ama mafuta ya kula ni sawa, ya kemikali achana nayo hata ukiambiwa yameoshwa mara ngapi. Na kama banda lako lina yale mabati ya zamani ya asbesto, usivune kutoka hapo na usiyatoboe toboe.

Mbu sasa, manake najua mke ama mume wa mtu ataleta hiyo. Ni kweli, pipa wazi ni shamba la mbu, yai linafika kuwa mbu kwa wiki moja hivi kukiwa na joto. Funika. Wavu mdogo mahali maji yanaingia na pia mahali yanamwagika, wengi wanasahau huku kwa pili. Kifuniko kifungwe kabisa, kinazuia watoto, kinazuia jua, na bila jua maji hayageuki kijani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi geuza bomba imwagike kando, hiyo imeosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi mitatu. Na hata baadaye si maji ya kunywa, mwagia kwa udongo, si juu ya majani ya dhania ambayo utayakata jioni.

Ile ya kumwagika pipa likijaa ndiyo huleta vita vya majirani. Udongo wetu mweusi ukilowa unafura, ukikauka unapasuka, kwa hivyo usiache maji yatulie kando ya msingi wa nyumba yako wala ukuta wa jirani. Mimi yangu inaenda kwa mtaro wa nduma, na nduma hazijawahi kulalamika.

Wapangaji wenzangu wa zamani wataniuliza, na sisi tulio kwa ploti? Najua. Ploti niliyokaa kabla ya huku keateka alikuwa anakataza pipa lolote uani, ati linaharibu sura, na hapo hapo mvua ya Mei inajaza ua mzima hadi tunakanyaga matofali kufika kwa choo. Malandilodi wangefunga gata moja kwa yale mabafu ya nje na kuweka pipa la wote, hata ile ya kuosha ua wangeokoa. Bwawa la Ndakaini, ndilo linatuletea maji mengi ya mfereji, lilikamilika 1994, na kufikia sensa ya 2019 tulikuwa watu milioni 4.4 hapa Nairobi. Hayo maji yanatoka Murang'a, yanasafishwa, yanatiwa dawa, halafu mtu anamwagia terere.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Utabiri wenu huandika tu mvua inatarajiwa sehemu kadhaa. Andikeni pia kila Jumatatu ni milimita ngapi zilinyesha wiki iliyopita, Dagoretti kivyake na huku uwanja wa ndege kivyake, watu wa idara ya hali ya hewa wanapima kila siku. Ni mstari mmoja tu kwa gazeti, mtu azidishe na banda lake mwenyewe.

Msomaji wenu,
Ruai, Nairobi