Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, pamoja na maelezo ya ule uamuzi wa kola

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kufuatilia paka wa porini, salaam sana. Taarifa hii ilikuwa isomwe yote kwenye mkutano mkuu lakini mkutano wenyewe mnajua ulivyokuwa, viti 60 vimepangwa, watu 17, na kati ya hao 17 watatu walitoka kabla ya ajenda ya pili. Kwahiyo naiandika yote hapa ili asije mtu kesho akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida napita haraka maana picha mmeshaziona kwenye grupu. Mwaka huu tumefunga kola mpya 4, yaani ile mikanda ya shingoni yenye kifaa kinachotuma mlio na mahali mnyama alipo, chui wawili, mondo mmoja na simbamangu mmoja, tumebadilisha kola 3 zilizokaribia kuisha betri, kamera za kutegea zilikuwa 22 sasa zimebaki 19, moja ilibebwa na maji na mbili zimeibiwa. Mafunzo ya kutumia antena ya kunasa mlio wa kola yamefanyika mara mbili. Vikao vya kamati 9, na mimi nimehudhuria vyote 9, daftari lipo. Daktari wetu wa kujitolea amepiga sindano za usingizi zote 7 na hakuna mnyama hata mmoja aliyefia mikononi mwetu, huu ni mwaka wa pili mfululizo. Jamani hilo sio jambo dogo, mnyama aliyelala unakaa naye huku unampima joto na pumzi kila dakika chache na roho iko mkononi mpaka ainue kichwa mwenyewe. Sijaona hata mtu mmoja amempongeza daktari, ila malalamiko kuhusu mwenyekiti niliyapokea kwa wingi.

Sasa tuje kwenye hilo la malalamiko.

Kama mnavyojua mwanzoni mwa mwaka ililetwa barua ya pamoja ya kuomba kwamba paka yeyote wa porini mwenye kola, awe simba, chui au mwingine, asiruhusiwe kabisa kupigwa risasi na mwindaji hata kama mwindaji ana kibali halali. Kamati ikakataa kusaini, na badala yake tukawaandikia wanachama wetu wawindaji kwamba mnyama mwenye kola mchukulieni sawasawa na asiye na kola. Kama kibali chako kinamhusu, umri umefika na uko nje ya hifadhi, uamuzi wako uwe uleule ambao ungeufanya shingo yake ikiwa tupu, na ukimpiga toa taarifa ndani ya siku 2 na urudishe kola. Baada ya hapo wanachama 23 wakaweka sahihi kunipinga, nikaitwa wakala wa wawindaji, wengine wakasema nimekula rushwa. Mimi ambaye mwaka huu nimelala usiku 31 juu ya vilima na antena mkononi kwa gharama zangu mwenyewe, naitwa wakala.

Naomba mnisome taratibu hapa. Kola sio hirizi. Hatumfungi chui kola ili apone yeye, tunamfunga ili atuambie habari za wenzake ambao hatutawaona maisha yetu yote. Wale wachache wenye kola ndo sampuli yetu. Tukitaka kujua kati ya chui wa eneo zima wangapi wanakufa kwa mwaka na wanauliwa na nini, ajali, mtego wa waya, sumu, kupigana wenyewe kwa wenyewe au bunduki, tunahesabu vifo vya wale wenye kola. Sasa ukimwambia mwindaji akiona kola ashushe bunduki, atashusha kweli, atamsubiri mwenzake asiye na kola apite na atampiga huyo. Mwisho wa mwaka wa kwetu wote wazima, mahesabu yanasema uwindaji hauui karibu hata mmoja, anayegawa vibali anaona idadi inatosha na pengine anaongeza, na wale wasio na kola wanaisha kimyakimya bila mtu kusikia mlio wowote. Yaani tutakuwa tumewasaliti kwa takwimu zetu wenyewe tukidhani tunawapenda.

Mfano upo na ni mkubwa. Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, watafiti wa WildCRU, kitengo cha utafiti wa wanyamapori cha Chuo Kikuu cha Oxford, walianza kuwafuatilia simba mwaka 1999. Kwenye matokeo waliyochapisha mwaka 2007, simba 62 waliwekewa alama, 34 walikufa, na kati ya hao 34, simba 24 walipigwa na wawindaji wa nyara, wale wanaowinda ili wabaki na kichwa au ngozi kama kumbukumbu. Kwa madume wakubwa ilikuwa mbaya zaidi, asilimia 72 ya waliowekewa alama walipigwa na wawindaji, wengi nje kidogo tu ya mpaka wa hifadhi, maana dume mmoja akiondolewa karibu na mpaka mwingine anatoka ndani kuja kujaza nafasi, naye anapigwa. Na dume mgeni akichukua familia anaua watoto wadogo wa aliyetangulia, kwahiyo risasi moja inaondoka na zaidi ya simba mmoja. Takwimu hizo ndo zilizofanya uwindaji wa simba usimamishwe kwa muda eneo lile na vibali vikapunguzwa vilipofunguliwa tena, na simba wakaongezeka. Sasa niambieni, wale wawindaji wangekuwa wanaruka kila mwenye kola, nani angejua? Simba wale 24 walisema ukweli kwa vifo vyao. Inauma kuandika hivi lakini ndivyo ilivyo.

Kila nikisema haya natajiwa Cecil, yule simba dume maarufu. Haya, Cecil. Aliuawa Julai 2015 nje ya Hwange hiyohiyo, alikuwa na umri wa miaka kama 13, alichomwa mshale kwanza akamaliziwa saa nyingi baadaye, na alikuwa na kola. Dunia nzima ilipiga kelele na mimi nilipiga kelele. Lakini tuangalie kilichotokea kwenye kola zenyewe. Kola ya Cecil haikuwarudia watafiti. Miaka miwili baadaye, Julai 2017, mtoto wake Xanda wa miaka 6 akapigwa naye nje ya hifadhi, naye ana kola, na safari hii mwindaji bingwa aliyeongoza uwindaji ule akairudisha kwa watafiti. Kola iliyofichwa inaficha na kifo. Ukisema kumpiga mwenye kola ni kosa la jela, ile kola itaenda kuchomwa moto au kuzikwa shimoni, na sisi tutabaki kubishana kama betri imekufa au mnyama amekufa.

Na hili sisemi kwa kusoma tu. Dume wetu namba 7 mnamkumbuka, yule chui tuliyemfunga miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa nne nilikuwa juu ya kilima kabla hakujapambazuka, nikainua antena, na badala ya ule mlio wa pole, ti... ti... ti, nikasikia titititi, ule wa haraka ambao kola inautoa ikikaa saa kadhaa bila kusogea. Nilijua palepale. Siku ya tatu mwanachama mwenzetu mwindaji akanipigia mwenyewe, akaja na kola ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa na kibali, dume alikuwa mtu mzima, kila kitu halali. Niliifungua mezani kwangu. Mkanda umelainika kwa jasho na mafuta ya ngozi upande wa ndani, upande wa nje una mikwaruzo ya miiba, kibati cha namba kimesuguliwa mpaka 7 inasomeka kwa kukiinamisha kwenye mwanga, na kwenye nati moja kulikuwa na manyoya matatu ya njano yamebanwa. Sioni aibu kusema machozi yalinitoka, na yule mwindaji naye alikaa kimya muda mrefu na chai yake ikapoa. Lakini ndani ya ile kola mlikuwa na kumbukumbu za miezi 5 ambazo setilaiti haikuwa imezileta, na ndizo zimetuonyesha kwamba alikuwa anavuka mpaka karibu kila wiki pale kwenye mto, mahali ambapo hakuna mtu alidhani wanavuka. Ingefichwa tungekosa yote hayo.

Kuhusu uvumi kwamba nagawa masafa ya kola kwa wawindaji, yaani namba ya mawimbi ambayo ukiiweka kwenye kipokezi unasikia mlio wa kola hiyo, huo ni uongo na umeniumiza kuliko yote. Masafa yanajulikana na watu 3 tu na hata ndani ya kamati yupo aliyeniomba nikamnyima, amekasirika, akasirike tu. Mwaka 2013 kule India kuna mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe inayopokea taarifa za kola ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Kanada nako mamlaka ya hifadhi ilipiga marufuku wageni kutembea na vipokezi vya mawimbi kwenye hifadhi ya Banff kwa sababu watu walikuwa wanawafuata wanyama wenye kola ili wawapige picha. Mlio ninaousikia mimi mwingine akiwa na kipokezi anausikia pia. Kuwinda kwa kufuata mlio wa kola sio uwindaji, na hapo mimi na waliosaini kunipinga tuko upande mmoja, na barua yetu kwa wawindaji ilisema hivyo kwa herufi kubwa.

Nakubali jambo moja. Pale ambapo wanyama wamebaki wachache kiasi kwamba kila mmoja anahesabika, au utafiti hauhusu vifo, kwa mfano tunapowafunga mondo kujua wanazalia wapi, hapo kumkinga mwenye kola kuna maana, na kamati iko tayari kuliandika hilo. Ila hoja hiyo ingeletwa mkutanoni. Uamuzi ulipigiwa kura na watu 14, 11 wakakubali, 3 wakakataa, na katika wale 23 waliosaini kunipinga ni wawili tu walikuwepo ukumbini. Wawili!

Ada. Wanachama tuko 96, waliolipa ada ya mwaka ni 38, nusu malipo 12, waliobaki hawajalipa hata kidogo na kati yao 9 hawajalipa kwa miaka mitatu lakini ndo wanaoongoza kwa kuandika grupu usiku. Kola moja ya setilaiti ni ghali na kila ukiitaka itume mahali alipo mara nyingi zaidi kwa siku betri inaisha mapema, kwahiyo tumelazimika kupunguza kutoka mara 8 hadi mara 3, na hapo katikati chui anaweza kuvuka mto na kurudi bila sisi kujua. Ada yako ndo hizo mara 5 zilizopotea.

Mwaka ujao tunategemea Mungu akijalia kuongeza kola, kupata kipokezi cha pili kizuri, na ikiwezekana kukaa na wanaogawa vibali watusikilize kuhusu lile eneo la mto. Tarehe ya mkutano nitaitangaza. Kola ya namba 7 nitakuja nayo, itakuwa mezani, na waliosaini nawaomba waje waishike kwa mikono yao kabla hatujapiga kura tena.