Mikanda ya picha ikaguliwe kwa mkono viwanja vya ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie wakuu wa viwanja vyetu vya ndege, pamoja na wasafiri wenzangu wanaotumia kamera za mkanda.

Mimi ni mpiga picha wa studio hapa Tanga. Picha za paspoti na za harusi napiga kwa dijitali kama wenzangu wote, lakini kazi ninayoithamini kuliko zote naifanya kwa mkanda: sura za wazee wa mashamba ya mkonge, wale waliokuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, enzi za mkoloni, wengine kutoka Msumbiji na Burundi, wakaoa na kuzaa huku huku. Wamebaki wachache. Mmoja wao, mzee wa upande wa Muheza, nilimpiga amekaa barazani kwake, kisu chake cha kukatia mkonge kiko magotini. Jua lilikuwa linazama na sikutaka kummulika taa usoni, kwa hiyo niliweka mkanda wa rangi wa kasi ya 800 (namba ya kasi ikipanda, mkanda unakuwa mwepesi zaidi kushika mwanga mdogo). Miezi michache baadaye nilikwenda msibani kwake.

Picha ile imeharibika, na haikuharibikia kwenye kamera wala kwenye dawa. Imeharibikia safarini.

Zamani ulikuwa unaacha mkanda maabara asubuhi, jioni unachukua picha zako. Maabara hizo zimefungwa moja baada ya nyingine, na leo mkanda wa rangi kwa kawaida naununua kwa watu wanaotoka nje na naurudisha huko huko kusafishwa. Maana yake mkanda wa mpiga picha wa Tanga unapanda ndege mara mbili kabla haujaonja dawa. Huu nilimkabidhi mpwa wangu anayesoma Uingereza. Aliuweka kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kama nilivyomwelekeza.

Katika viwanja vyetu ukaguzi huanzia mlangoni, kabla hujamwona mtu wa kaunta wala ofisi ya kuulizia. Begi kubwa na dogo yote yanaingia kwenye mashine ya eksirei. Kijana akaomba kwa adabu mkanda ukaguliwe kwa mkono. Akajibiwa: "Kaka, simu inapita, kompyuta inapita, kamera inapita, na hiyo nayo ipite." Ukapita. Ukapita tena kwenye mashine ya pili kabla ya chumba cha kusubiria ndege, ukapita na ya tatu pale alipobadilisha ndege. Uliposafishwa, kila palipokuwa na kivuli pamejaa ukungu wa kahawia na chembechembe. Macho ya mzee yaliyokuwa chini ya ukingo wa kofia hayaonekani.

Simwoni yule mkaguzi kuwa mtu mbaya. Alisema alichofundishwa, na kwa simu na kompyuta alisema kweli, maana kadi ya kamera ya dijitali haidhuriki na eksirei. Mkanda ni kitu kingine kabisa. Umepakwa chembe za chumvi ya fedha zinazoshika mwanga, na eksirei inaziamsha chembe hizo kama mwanga unavyofanya. Kila aliyewahi kutoka hospitali na bahasha yenye filamu ya kifua chake ameona jambo hilo kwa macho yake. Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua mionzi hiyo mwaka 1895, aliupiga mkono wa mkewe kwenye bamba la picha, na mifupa na pete vikatokea. Sasa iweje kitu ambacho tangu siku za mwanzo ndicho kilichotumika kuinasa eksirei leo kiambiwe hakidhuriki nayo?

Wenye mikanda nao wajue kwamba madhara hujumlishana. Mkanda wa kasi ya 400 au chini yake ukipita mara moja au mbili kwenye mashine ya zamani ya mizigo ya mkononi, kwa kawaida hutaona kitu. Wa 800 kwenda juu usiupitishe, na ule wa 400 uliokusudia kuusukuma hadi 1600, yaani kuupiga kana kwamba ni wa 1600 na kuusafisha kwa muda mrefu zaidi, uuhesabu miongoni mwa hao. Mkanda ambao haujatumika hudhurika sawasawa na uliotumika. Ukishasafishwa, hofu imekwisha. Usithubutu kuuweka kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu mashine za huko ni kali zaidi. Ile mifuko yenye madini ya risasi inayouzwa kwa ajili ya kukinga mikanda isikupe usingizi: mkaguzi akiona bonge jeusi kwenye skrini atalifungua, au atalipitisha tena.

Jambo hili halituhusu sisi wazee wa chumba cha giza peke yetu. Mabinti wanaokwenda fungate Zanzibar na kamera za Instax, zile zinazotoa picha hapo hapo, wanabeba filamu ya kasi ya 800 bila kujua. Hali kadhalika baadhi ya zile kamera za kutumia mara moja zinazogawiwa mezani siku ya harusi.

Kinachonisukuma kuandika sasa ni mashine mpya. Viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani vinaweka mashine za mtindo wa CT scan ya hospitali, zinazolizunguka begi na kulipiga picha kutoka kila upande. Abiria wanazifurahia kwa kuwa kompyuta inabaki ndani ya begi. Lakini Kodak wameonya, na watengenezaji wa mikanda ya Ilford kule Uingereza wameonya, kwamba kupita mara moja tu kwenye mashine hizo kunatosha kuharibu mkanda ambao haujasafishwa. Zitafika na huku, na zikifika kabla ya utaratibu, hakuna mkanda utakaopona.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Nchini Marekani, ambako hakuna anayeweza kusema wanachezea usalama, mamlaka ya ukaguzi ya TSA ndiyo yenyewe inayomshauri abiria abebe mikanda mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mkaguzi anaitazama, anaweza kupangusa makopo kwa kile kitambaa cha kupimia baruti, abiria anaendelea na safari. Siombi mtu yeyote aruke ukaguzi. Ninaomba mambo matatu tu: kibao kwenye mlango wa kwanza, kwa Kiswahili, kinachosema mikanda ya picha ikabidhiwe kwa mkaguzi; wakaguzi waelezwe tofauti ya mkanda na kadi; na waambiwe boksi la filamu za vipande (zile bapa zisizoviringishwa) au la karatasi za kuchapia picha lisifunguliwe kwenye mwanga, kwa kuwa likifunguliwa vyote vilivyomo vimeungua pale pale.

Kwa upande wangu, nyeusi na nyeupe naisafisha nyumbani kabla haijakaribia ndege. Dawa ya kusafishia iitwayo D-76 inataka nyuzi 20 na maji ya bomba ya Tanga hayajui nyuzi 20, kwa hiyo naweka barafu kwenye beseni na kipimajoto mkononi. Nawasihi vijana wajifunze. Mkanda uliokwisha kusafishwa hata ukipita mashine kumi haubadiliki. Kwa rangi siwezi, dawa zake sizipati hapa.

Nina mikanda mingine minne ya rangi kwenye jokofu, ya wazee wa Korogwe na Maramba, na mpwa wangu anakuja mwezi Desemba. Naomba mamlaka zinazohusika zinijibu kupitia ukurasa huu: abiria mwenye mikanda aandike barua kwa nani kabla ya safari, au amwone nani akifika pale mlangoni?

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga