PCOS: Kwa nini hatukupi orodha ya vyakula vya kuacha

Sisi ni washauri wa lishe. Wateja wengi wenye PCOS (polycystic ovary syndrome, yaani "ovari zenye vivimbe vingi", hali inayovuruga homoni na hedhi) wakikaa tu kitini huuliza, "Niache kula nini?" Wengine wanakuja wameshaacha maziwa, ngano na hata matunda. Wana njaa, wana hasira, na hedhi bado haijarudi.

Jina lenyewe linapotosha. Vile "vivimbe" vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vifuko vya mayai ambayo hayakupevuka, si uvimbe wa kukatwa. Kwa wengi, mzizi uko kwenye insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu: mwili hauiitikii vizuri, kongosho linaongeza kuitoa, na ikizidi inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Chunusi, ndevu na hedhi inayopotea miezi kadhaa hutokana na hapo.

Kwa hiyo tunaanza na sahani, na wanga hatuufuti. Tunaupunguza, tunachagua nafaka zisizokobolewa, na hatuuachi peke yake: mkate mtupu hupandisha sukari haraka, lakini ukiwa na mayai au maharage na mboga, sukari hupanda taratibu. Tunapokaza ni kwenye vinywaji vyenye sukari, juisi ikiwemo (hata uliyoikamua mwenyewe, samahani). Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 haukuona mpango mmoja wa lishe unaoshinda mingine yote kwa PCOS. Anayekuuzia unga wa "kusafisha kizazi" anakuuzia unga tu.

Mazoezi ni angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa kasi kunahesabika. Ongeza mazoezi ya misuli siku mbili. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10, mara nyingi mayai huanza kupevuka tena. Angalizo: mimba inaweza kuingia kabla hujaiona hedhi. Mwembamba mwenye PCOS akituomba apungue, tunakataa.

Hatutibu, na dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu yetu. Ukipita siku 90 bila hedhi na huna mimba, muone daktari kwanza, maana ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa.

Ukija kikao cha kwanza, leta majibu ya vipimo, tarehe za hedhi unazozikumbuka, na maandishi ya ulichokula siku tatu. Siku hizo kula kama kawaida yako, usitupambie.