Bango linakaribisha, mashine inakataa

Mhariri,

Ofisini kwetu Nairobi kuna bango mlangoni lenye nyuso za kila aina na maneno "Wote Mnakaribishwa". Chini yake imefungwa mashine ya alama za vidole. Mama anayetufanyia usafi vidole vyake vimelika kwa sabuni kali. Hujaribu mara tatu, mara nne, na siku nyingine huandikwa amechelewa. Sasa hufika alfajiri kabla ya askari wa zamu kubadilishana, na soga za asubuhi ameziacha. Bango lenyewe hulifuta vumbi tu.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kujaza zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sawa, lakini mashine nazo zina upendeleo. Mwaka 2018 iliripotiwa kuwa Amazon iliachana na programu ya kuchuja wasifu wa waombaji kazi: ilifunzwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi ya wanaume, ikawashusha wanawake.

Maafisa wa uajiri, kabla ya kulipia mashine, ijaribuni kwa vidole vya mfagizi, si vya meneja.

Msomaji wako,
Nairobi