Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vipimo vya vinasaba visiuzwe kama ramli

Mheshimiwa Waziri,

Wazazi na makocha wanauziwa vipimo vya vinasaba kwa ahadi kwamba mate ya mtoto yataonyesha kama atakuwa mkimbiaji, kama atapata presha na kama ataishi miaka mingi. Jeni inayotajwa sana ni ACE. Naomba biashara hii iwekewe kanuni.

Jeni yenyewe si porojo. Hutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kinachozalisha anjiotensini II, kemikali inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Mwaka 1990 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa baadhi yetu tuna kipande cha herufi 287 za DNA ndani ya jeni hiyo, wengine hawana. Aliyekikosa katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama, huwa na kimeng'enya kingi zaidi kwenye damu. Dawa za presha kama kaptoprili na enalaprili hukizuia kimeng'enya hichohicho.

Wauzaji huishia hapo, kisha hurukia ahadi. Ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti wa Uingereza waliwapima wapanda milima waliovuka mita 7,000 bila mitungi ya oksijeni, wakakuta wengi wana kipande hicho, ndipo kikahusishwa na ustahimilivu. Lakini walipopimwa wakimbiaji bora wa Kenya, matokeo yakatolewa mwaka 2005, hawakutofautiana na Wakenya wengine. Kuhusu umri mambo ni magumu zaidi: kukosa kipande hicho kulikuwa kumehusishwa na mshtuko wa moyo, ila mwaka 1994 utafiti wa Ufaransa ukakuta hali hiyohiyo imezidi kwa wazee waliofikisha miaka 100! Nani basi ana haki ya kumtajia mtoto umri wake?

Linaloniuma ni mtoto anayependa mbio kuondolewa kwenye timu kwa sababu ya karatasi ya maabara.

Mheshimiwa, piga marufuku matangazo ya kutabiri vipaji vya watoto kwa vinasaba, na majibu ya vipimo vya namna hii yatolewe na mtaalamu anayeweza kuyaeleza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajijui. Hao hawahitaji kipimo cha jeni. Mkanda wa kupimia presha unatosha. Mtu mzima yeyote anayefika kituo cha afya, hata kwa kikohozi, apimwe presha kabla hajaondoka.

Natanguliza shukrani.