Mwanangu, hio mashine ya koili anza na kaunta

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mchoro wako umefika kwa simu, nimeukuza nikauangalia kila pembe, na mamako pia nimemuonyesha akafurahi sana. Katika vitu vyote ambavyo ungeweza kuchagua kwa projekti ya mwaka wa mwisho wewe umechagua mashine ya kusuka koili, yaani kuzungusha waya raundi nyingi, na mimi hii kazi ya kusuka koili za mota upya ndo imetulisha miaka yote, kwa hivo nivumilie nikiandika mengi, kwa simu hatumalizi maneno bando yaisha.

Kwanza hili. Umechora mota kubwa, umeandika raundi 1000 kwa dakika kwa wino mwekundu, alafu kaunta, ile ya kuhesabu raundi, umeiweka kule pembeni ndogo kama kitu cha kuongeza pesa ikibaki. Geuza mwanangu. Hio mashine ni kaunta, mota na puli na fremu viko pale kuisaidia kuhesabu. Kuzungusha waya hata mkono wazungusha. Faraday mwaka 1831 kule London alizungushia waya kwenye pete ya chuma kwa mikono yake, akitenganisha kwa uzi na kitambaa cha pamba kwa sababu waya wa enameli, uliopakwa ngozi isiyopitisha umeme kama huu wetu, haukuwepo, na kutoka pale ndo tukapata transfoma. Mkono haukumshinda. Kinachomshinda binadamu ni kukumbuka ako raundi ya ngapi wakati mteja amesimama mlangoni auliza feni yangu iko tayari, simu yalia, na muadhini naye ashaanza.

Na raundi si mapambo. Tuseme mtu wa Kongowea kaleta mota ya mashine ya kukuna nazi, mota ya fezi moja, 240 volti 50 hatsi. Chuma cha steta, ile sehemu ya mota isiyozunguka, kina kiwango chake cha usumaku kinachoweza kubeba, na raundi ndo zinazoamua kitabebeshwa kiasi gani. Ukipunguza raundi, usumaku wapanda, chuma chashiba, na kikishashiba mota yavuta umeme mwingi hata kama haijashika kazi yoyote, yachemka, vanishi yaanza kunuka, na baada ya wiki mbili Ramadhani katikati yule mtu yuaja na mota imeungua na ana haki ya kukasirika. Ukizidisha raundi nayo yazunguka vizuri kabisa hapa mezani, yapoa, wafurahi, alafu akiigusisha nazi yasimama, haina nguvu. Mteja hawezi kufungua kuhesabu, ameweka pesa yake kwa imani tu. Kwa mota za fezi tatu, zenye mafungu matatu ya koili, ni zaidi, maana pale fezi moja ikiwa na raundi chache kuliko wenzake umeme haugawanyiki sawa na moja yachemka kushinda nyengine, na wewe wakaa kutafuta ubaya kwenye beringi wakati ubaya uko kwa hesabu.

Sasa kaunta yenyewe. Popote utakapoiweka, iweke kwenye shafti ileile inayobeba foma, ile mbao tunayozungushia waya. Nimeona kwenye mchoro wako sensa, ile ya kuhisi mzunguko, iko upande wa mota, kabla ya belti. Belti yateleza mwanangu, haswa wakati wa kuanza na wakati wa kusimama, mota itakuwa imezunguka na foma bado, na kaunta itaandika kitu ambacho hakikutokea. Sumaku ndogo gundisha kwenye sahani pembeni ya foma, sensa iangalie ile sumaku ikipita, basi.

Kabla hujaenda kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, jaribu ile ya kalkuleta kwanza, ni rahisi na itakufunza vitu. Chukua kalkuleta ya bei rahisi, andika 0 + 1 alafu bonyeza = mara nyingi, kama yaongeza moja moja kila ukibonyeza basi hio yafaa (sio zote, jaribu kabla hujalipa). Ifungue, toa nyaya mbili kutoka pale chini ya kitufe cha =, ziunge na ile swichi ya sumaku, ile ya kichupa cha kioo chenye vibati viwili ndani vinavyogusana sumaku ikikaribia, kama zile wanazoweka kwenye milango ya alamu. Kila raundi sumaku yapita, swichi yafunga, kalkuleta yaongeza moja. Kwa koili za mota za pampu hio yatosha na imetosha kwa mafundi wengi.

Lakini ina mambo mawili. Ukizungusha kasi sana yaruka namba, kwa sababu imetengenezwa kwa kidole cha mtu. La pili ndo linaloumiza: ukiona waya umepanda juu ya mwenzake ukaregesha nyuma raundi moja ili uupange, kalkuleta haijui kama umeenda nyuma, yenyewe yaongeza tu. Sasa umepunguza moja na yeye ameandika moja zaidi, tayari umepotea kwa mbili, na ukizungusha tena mbele hio mbili haitoki. Hapo ndo nataka projekti yako iwe bora kuliko yangu. Weka sensa mbili, ya pili ikae mbele kidogo ya ya kwanza, programu iangalie ipi imeona sumaku kwanza, itajua upande tunaoenda na itatoa namba tukirudi nyuma. Kitu kidogo hivo lakini fundi yeyote wa Majengo ukimuonyesha ataelewa papo hapo na atauliza bei.

Na namba ibaki hata stima ikipotea. Arduino ina sehemu ya memori isiyofutika umeme ukikatika, wewe wajua hio zaidi yangu. Nyumbani wajua vile stima yaenda bila kuaga, na kuanza koili upya kwa sababu namba imefutika ni waya umetupwa, na waya wa shaba wauzwa kwa kilo na bei yake waijua.

Baada ya kaunta ni mkazo wa waya. Hapa usiharakishe. Waya ukilegea koili yafura kama mandazi na haiingii kwenye sloti, ile mifereji ya steta, ukiilazimisha kwa ule mti wa kusukumia wakwaruza enameli. Ukikaza sana waya wavutika, wawa mwembamba, na waya mwembamba una rizistansi kubwa, yaani wazuia umeme zaidi, kwa hivo hata raundi zikiwa sawa koili si sawa. Na kumbuka unene ukiwa nusu, nguvu ya waya kustahimili kuvutwa yashuka hadi robo, kwa hivo mkazo uliotumia kwa waya wa pampu utakata waya wa feni saa hio hio. Lazima uwe wa kubadilishika. Mimi natumia vipande viwili vya felti, kile kitambaa kinene cha kushindiliwa, waya wapita katikati, springi yakandamiza, na nati ya kufunga kwa vidole yaongeza ama kupunguza. Felti yafuta na vumbi pia. Badilisha felti ikianza kuwa ngumu na kung'aa.

Rili ya waya mnene iache izunguke kwenye mhimili wake, lakini rili ya waya mwembamba isimamishe wima isizunguke kabisa, waya utoke kwa juu. Ukitaka waya mwembamba uzungushe rili nzito kila ukianza ni kuukata tu, na ukisimama ghafla rili yaendelea yenyewe, waya wamwagika chini wafungana mafundo.

Pale waya unapopita usiweke chuma kilichotobolewa na drili, hata ukisugua na msasa vipi. Tafuta pete za fimbo za kuvulia zilizovunjika, zile pete zenye kauri ndani, kama ya vikombe vya chai, wale wanaopeleka wageni kuvua bahari kuu huzitupa. Kauri ni laini na haikwaruzi. Nakazania hili kwa sababu enameli ikikwaruzwa sehemu mbili na sehemu hizo zikakutana, raundi zile zilizo katikati zimekuwa duara lililojifunga lenyewe, umeme wazunguka mle ndani bila kutoka, joto lake ni kubwa, na koili yote yaungua kutokea pale. Na mita ya kawaida haitakuonyesha, raundi moja ama mbili zikishikana rizistansi yashuka kidogo mno huwezi kuona.

Kuhusu kupanga waya uende pole pole kushoto na kulia, swali lako lile la mwisho. Kwa koili za mota usijisumbue, mkono watosha, maana koili zile zaingia kwenye sloti kwa mafungu na mpangilio wavurugika hata hivo. Lakini kama wataka kusuka transfoma pia, hapo unahitaji. Chukua rodi yenye hesi, yaani mikato ya skrubu, ya M6, ile ya kawaida ya hadweya, yasogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiwa na waya wa nusu milimita basi rodi izunguke nusu kila foma ikizunguka mara moja. Na usisahau waya wa 0.5 ukiongeza enameli wawa zaidi ya 0.5, pima na maikromita bila kuikwangua, hio ndo namba ya kuweka. Mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, kutoka printa mbovu yafanya hio kazi vizuri, ukipata ya hatua 200 kwa mzunguko basi hatua moja na rodi ya M6 ni milimita 0.005, utaweza unene wowote bila kubadilisha gia.

Fremu sina mengi, chuma cha angle chakavu kutoka kwa watu wa skrepa Shimanzi, beringi mbili nzuri, na ziwe kwenye mstari mmoja. Shafti iwe na hesi mwisho ili foma ifungwe na nati.

Foma tengeneza za mbao ngumu iliyokauka vizuri, hapa kwetu na hii hewa ya bahari mbao laini yafura wakati wa mvua na koili yakataa kutoka. Kata foma vipande viwili kwa mshazari ili ukifungua nati ziteleze zenyewe. Chonga na mifereji ya kupitishia uzi, kwa sababu koili lazima ifungwe kabla haijatoka kwenye foma, ikitoka haijafungwa umepoteza umbo. Kila foma iandike juu yake imetoka mota gani, raundi ngapi, waya geji gani, yaani unene gani. Daftari laweza kupotea, foma haipotei.

Ukimaliza koili za mota moja zipime kwa mizani ndogo kama ile ya sonara. Foma moja, waya mmoja, raundi sawa, basi uzito lazima ukaribiane sana, na ikitoka moja nyepesi usiiweke kando kwa kutumai, ihesabu upya.

Sasa ndo mota ya kuzungushia. Ile kubwa uliyochora achana nayo. Mota ya cherehani yenye pedali yatosha, kwa sababu mguu waongoza spidi na mikono yote miwili yabaki kwa waya, ila yenyewe ni kasi mno kwa hivo puli ndogo kwa mota na kubwa kwa shafti. Kwa waya mnene chukua mota ya waipa ya gari, ni 12 volti, ina gia ndani, pole pole lakini ina nguvu. Na mkono wa kuzungushia uwepo, kwa raundi za mwisho mwisho, ukibakisha kama kumi acha pedali umalizie kwa mkono hadi namba ifike.

Nimekuwekea kwa boksi beringi mbili, shafti, rili moja ya waya wa geji 24 iliyobaki nusu, pete nne za kauri na foma moja ya pampu uangalie vile nilivyoikata. Boksi litakuja na basi la usiku Ijumaa, uende mapema ukachukue. Usiweldi kitu kabla hujanitumia picha ya shafti ikiwa imekaa kwenye beringi, izungushe kwa kidole urekodi video nisikie sauti yake.

Mamako akusalimia, asema ule.

Babako