Tangazo la kujitolea liseme pia nani analipia chumba

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Kila inapokaribia Olimpiki au Kombe la Dunia, magazeti huwahimiza vijana waombe kujitolea. Habari hizo hujaa sare nzuri na picha za nyota wa michezo, lakini swali ambalo kijana angepaswa kuliuliza kabla hajagusa fomu haliandikwi: atalala wapi, na kwa fedha za nani?

Kwa kawaida kamati ya maandalizi humpa anayejitolea sare, chakula siku ya zamu, usafiri wa umma ndani ya mji na bima awapo kazini. Nauli ya kutoka kwao, viza na malazi anajitegemea. Tokyo 2020 walitoa yen 1,000 kwa siku, na hizo zilikuwa za kwenda na kurudi kazini tu. London 2012 walitaka angalau siku 10 za kazi, mbali na siku 3 za mafunzo. Ongeza siku ya kufika, ya kuchukua kitambulisho na za kupumzika katikati, utaona unatafuta kitanda cha wiki mbili au zaidi, katika mji ambao vyumba vyake vimepanda bei kwa sababu ya mashindano yaleyale. Qatar 2022 waliwapa malazi waliotoka nje ya nchi, ila usidhani kila mwenyeji atafanya hivyo. Mwenye ndugu mjini atajibana kwake. Asiye naye atafute kwanza pa kulala, fomu ije baadaye.

Tena kuomba si kupata. London waliomba watu 240,000 kwa nafasi 70,000. Paris 2024 waliomba zaidi ya 300,000 wakahitajika 45,000, na Qatar zaidi ya 400,000 kwa nafasi 20,000. Anayesema lugha mbili tatu na aliye tayari kushika zamu ya alfajiri au ya usiku ana nafasi nzuri kuliko anayetaka kazi moja tu, tena karibu na uwanja.

Kwenye fomu, jina ndilo huwasumbua wengi. Lijaze kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, maana taarifa hizo ndizo zinazokwenda kwenye uchunguzi wa usalama. Ukiandika majina mawili ilhali pasipoti ina matatu, au ukibadilisha pasipoti baada ya kuomba usirekebishe namba, huenda ukaligundua kosa ukiwa umeshafika dirishani kuchukua kitambulisho. Umri wa chini kwa kawaida ni miaka 18, lakini soma unahesabiwa hadi tarehe gani. Viza nayo ni jambo lake: kuchaguliwa hakukupi haki ya kuingia nchini, na baadhi ya nchi hazikubali mtu mwenye viza ya utalii afanye kazi hata isiyo na malipo. Waulize waandaaji kwa maandishi ni viza ya aina gani inayotakiwa. Na akitokea mtu anayedai ada ya kuharakisha ombi lako, huyo ni tapeli.

Kuhusu kazi yenyewe, wengi hupangiwa kuhudumia watazamaji: kuelekeza watu kwenye malango, kusaidia kukagua tiketi, kusimama kwenye ngazi. Zamu huchukua muda wa saa 8 hadi 10, na mara nyingi unaupa uwanja mgongo. Goli utalijua kwa kelele. Viatu vipya usivivalie zamu ya kwanza. Vivae nyumbani wiki mbili kabla, la sivyo malengelenge yatakutoa kazini siku ya pili. Ukipewa redio ya upepo, bonyeza kitufe, subiri sekunde moja, ndipo useme. Ukiwahi kuongea, mwanzo wa sentensi humezwa: wewe umesema “msifungue lango la 6”, wenzako wamesikia “fungue lango la 6”. Kitambulisho usikipige picha ukaiweka mtandaoni, kwa kuwa kina msimbo unaosomwa na mashine malangoni.

Ipo kazi vijana huikwepa kwa kutoijua, ilhali ndiyo inayowaweka karibu zaidi na wanamichezo: kumsindikiza aliyechaguliwa kupimwa dawa za kusisimua misuli. Mbio zikiisha, msindikizaji humfuata mwanamichezo, humwonyesha kitambulisho, humweleza kwamba anatakiwa kupimwa, kisha humpa fomu atie saini. Kuanzia hapo hatakiwi kumpoteza machoni. Mwanamichezo anaweza kupokea medali, kuhojiwa, kupoza mwili au kutibiwa jeraha, na msindikizaji yuko naye hatua chache nyuma. Asimpe maji ya chupa yake. Mwanamichezo ajichagulie mwenyewe chupa ambayo haijafunguliwa. Mkojo unaotakiwa ni wa kwanza baada ya kuarifiwa, usiopungua mililita 90, na aliyetoka kukimbia marathoni kiu imemkausha, kwa hiyo kungoja saa mbili si ajabu. Kosa huja kirahisi: msindikizaji anachungulia simu, kundi la waandishi linapita, akiinua kichwa mtu hayupo. Hapo anatakiwa kutoa taarifa mara moja, hata kama mtu huyo ataonekana tena baada ya dakika moja. Kuomba picha naye ndiyo kabisa, usithubutu.

Atakayeona hataweza kwenda aseme mapema. Tokyo walijitoa watu wapatao 10,000 kati ya 80,000, baadhi yao kwa hofu ya korona. Anayewavuruga wenzake ni yule anayenyamaza, lango likabaki na watu wawili badala ya watano.

Kwa hiyo, Mhariri, gazeti lako litakapochapa tena tangazo la nafasi hizi, tunaomba mwandishi awaulize waandaaji mambo matatu na ayachape pamoja na tangazo: nani analipia malazi, zamu zisizopungua ngapi zinatakiwa, na majibu yatatoka tarehe gani. La tatu lina uzito wake, maana jibu likichelewa, nauli ya ndege nayo inazidi kupanda.

Wasomaji wako,
Waratibu wa zamu